Mtu wa Upande wa Pili wa Treni

Treni ya rola kosta yetu, ile ya kupanda mlima na kuporomoka kwa starehe, haiondoki kituoni kwa mkono wa mtu mmoja. Wengi wanaokuja kupanda hawalijui hilo, wala hawana haja ya kulijua. Upande mmoja wa reli kuna kitufe cha kijani, upande wa pili kuna kingine, na lazima vibonyezwe kwa pamoja na kushikiliwa mpaka treni yote itoke kwenye jukwaa. Ukiachia wewe, au akiachia mwenzako, inasimama palepale, na abiria wanaanza kupiga kelele kabla hata ya kufika penye kutisha. Mimi ni mtu wa upande wa kushoto. Nimekuwa wa kushoto tangu nilipoajiriwa, na kwa miaka mingi mtu wa upande wa pili alikuwa Mkongo mmoja wa Bukavu.

Bustani yenyewe ya michezo iko kusini mwa Johannesburg, juu ya ardhi ambayo watu waliichimba dhahabu mpaka wakachoka nayo. Mimi mtu wa Tanga. Naishi Rosettenville, kwenye chumba cha uani kwa bibi mmoja Mreno, mjane, ambaye husalimia paka wake zaidi kuliko wapangaji. Sina mke hapa. Niliwahi kuwa naye, akarudi Tanga, na sasa ni mke wa mtu mwingine, na hadithi hiyo nimeshaimaliza. Nataka kueleza tu kwamba ukiniondolea yule Mkongo, hapakuwa na mtu katika mji huu mkubwa aliyejua kwamba napenda chai yenye tangawizi nyingi, au kwamba nikikasirika nanyamaza.

Jinsi tulivyokuwa marafiki ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu hatukupata hata siku moja kukaa na kuzungumza kwa nafasi. Kazi yetu haitoi nafasi. Treni inaingia, watu wanashuka, wengine wanapanda, kila mmoja wetu anapita upande wake akishika kila kizuizi cha mabega: anakisukuma chini, kisha anakivuta juu kwa nguvu kuona kama kimejifunga. Sukuma, vuta. Sukuma, vuta. Ukifika mwisho unanyanyua dole gumba, mwenzako ananyanyua lake, mnabonyeza. Treni inapanda mlima kwa mnyororo wake, krr krr krr, inaangukia upande wa huko, inazunguka, inarudi. Katika kipande hicho kidogo, reli ikiwa tupu katikati yetu, ndipo tulipozungumza. Alikuwa akianza kisa asubuhi akakimalizia baada ya chakula cha mchana, kipande kwa kipande, na mimi sikupoteza uzi hata mara moja.

Tuligombania Kiswahili zaidi ya kitu kingine chochote.

"Miye napandishaka batu," alikuwa akisema, "lakini miye mwenyewe sipandake."

"Sema, mimi huwa sipandi."

"Umeelewa ao hujaelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi njo Kiswahili hiyo."

Njo ni ndiyo ya kwao. Treni ikiingia tunanyamaza, ikitoka ananicheka mpaka meno yote yanaonekana. Aliniita Mutanzania, nami nilimwita Mkongo, na majina ya kwenye vitambulisho vyetu tuliwaachia watu wa ofisini. Badala ya dole gumba tulikuja kuwa na neno letu. Mimi nasema "Haya!", naye anajibu "Haya!", vidole vinashuka kwa pamoja. Msimamizi hakulipenda jambo hilo, akatukumbusha kwamba alama ni dole gumba. Tukanyanyua dole gumba, na haya tukasema vilevile.

Kupanda alikuwa amekula yamini hatapanda. Siku moja umeme ulikatika treni ikiwa nusu ya mlima, ikabidi tupande ngazi za pembeni na kuwashusha watu mmoja mmoja. Kulikuwa na mama mtu mzima aliyekuja na wajukuu wake, akakataa kabisa kuachia chuma. Mkongo alimshika mkono, akamshusha kinyumenyume akimwita mama, mama, taratibu mama, mpaka chini. Aliporudi kwenye jukwaa akakaa chini yeye, akashikilia nguzo. Alisema pale juu ameona mji wote, na hataki kuuona tena.

Kisha bustani ikafungwa. Sisi wadogo hatukuelezwa mengi, tuliambiwa tusubiri. Mkongo alisema hawezi kusubiri mikono mitupu, anakwenda Bukavu kumwona mama yake, bustani ikifunguliwa atarudi. Nikamsindikiza mpaka stendi ya mabasi mjini. Kwetu mtu hasafiri hivihivi, hasa anayekwenda kwa mzazi, kwa hiyo nilimnunulia mama yake doti ya kanga kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar anayezileta. Nilizichagua kwa muda mrefu mpaka yule bwana akaanza kuguna. Nikachukua za rangi ya chungwa zenye korosho nyeusi. Mkongo alizikunja akaziweka juu kabisa ya sanduku lake. Basi likachelewa, na mimi nilikuwa nimeahidiwa kibarua cha kukata vitambaa kwenye karakana moja Jeppestown, nikamuaga likiwa halijafika. Tulisema haya, haya, tukacheka kidogo, nikaondoka.

Karakana ile ilinilisha, sitaitukana. Ila mle ndani kila mtu alikuwa na redio yake masikioni. Niliporudi chumbani jioni nilikuwa nimesema maneno machache sana, na mengi kati ya hayo yalikuwa "sharp", yaani sawa, na "eish" ya kushangaa. Mtu anaweza kukaa mji wa mamilioni na sauti yake ikaanza kumshangaza akiisikia. Nilimpigia Mkongo. Mara ya kwanza tulisalimiana vizuri, akasema yuko salama, mtandao ukakatika. Baada ya hapo ile namba haikupatikana tena, na huku tunasikia vita kwao vimepamba moto.

Bustani ilipofunguliwa tena, waliniita. Mafundi walikuwa wameshapaka reli rangi mpya, nyekundu, na walikuwa wakiijaribu treni kwa midoli mikubwa ya plastiki iliyojazwa maji ili iwe na uzito wa watu. Midoli hiyo ilikaa miwilimiwili, haina nyuso. Msimamizi akaniuliza, yule mwenzako yuko wapi, tunamhitaji. Nikamwambia yuko kwao, atakuja, naomba mumshikie nafasi. Akakubali. Kwa muda nikawa naletewa mtu huyu leo, yule kesho, upande wa pili. Nilikuwa mkali kwao kupita kiasi, nakiri, kana kwamba wamekalia kiti cha mtu bila hodi.

Sasa nieleze lile jambo la picha. Hapo Rosettenville kuna dada mmoja msusi, Mkongo naye, tunafahamiana kwa salamu na namba za simu. Asubuhi moja alibandika kwenye status ya simu yake picha ambayo watu wake hubandika mtu akifariki: mwanamume amevaa suti, mshumaa pembeni, maneno ya Kifaransa chini yake. Sijui Kifaransa, lakini mshumaa naujua. Na uso ule niliujua. Paji lilelile, masikio yaleyale yaliyosimama, ule mdomo wa mtu anayekaribia kukucheka. Jina la ukoo lilikuwa lake, na mbele yake kulikuwa na majina mengine nisiyoyafahamu, lakini Wakongo wana majina mengi na hilo halikunishtua. Nilikaa kitandani nimeshika tama. Kisha nikamwandikia yule dada, pole sana, Mungu ampumzishe. Akajibu, asante papa, yaani baba. Sikumuuliza zaidi. Kwetu penye msiba mtu haulizi alikufaje, lini, wapi. Unasema pole, unakaa kimya na wenzako. Nilipokutana naye njiani niliinamisha kichwa, naye akainamisha chake, tukapita.

Nikamsomea Yasini peke yangu chumbani. Najua alikuwa Mkristo. Sikumwomba shehe ruhusa kwa sababu sikutaka kuambiwa hapana, na Mungu ndiye anayejua zile sala zilikwenda wapi. Halafu nikapika pilau. Nilipika sufuria kubwa kama kwetu tunavyofanya, nikagawa uani: kwa mke na mume wa Msumbiji wa chumba cha jirani, kwa vijana wa gereji ya mbele, kwa bibi Mreno. Bibi akauliza ni sikukuu gani. Nikamwambia ndugu yangu amefariki. Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu, akaenda kuwasha mshumaa mbele ya sanamu zake. Nililia usiku ule, na sijawahi kulia hivyo hata mke wangu alipoondoka.

Nikaenda kumwambia msimamizi kwamba yule mtu hatakuja. Nafasi ikapewa dada mmoja wa Soweto, mama wa watoto, mchapakazi, hana neno baya na mtu. Yeye hasemi haya. Hunyanyua dole gumba na kusema, "Sharp, baba?" Nami humjibu sharp.

Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, lazima treni izungushwe tupu mara kadhaa. Majira ya baridi reli huwa na umande ulioganda, na treni hupanda mlima kwa uvivu, inaguna, inachelewa kurudi. Katika kuchelewa kule ndipo nilipoanza kuzungumza na marehemu. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa nasema haya kwa sauti ya chini, halafu masikio yangu yanaisikia haya yake kutoka ng'ambo ya reli, pale aliposimama dada wa Soweto akiwa na simu yake. Nikaendelea. Nikamweleza habari za bibi Mreno na paka. Nikamweleza kwamba midoli ya maji ilikaa kwa adabu kuliko abiria wake wote. Nikawa naanza kisa mzunguko wa kwanza na kukimaliza wa mwisho, na siku nzima baada ya hapo nilikuwa na amani. Nilimkosoa Kiswahili chake pia. Hakubadilika.

Hayo yaliendelea kwa muda mrefu, mpaka Jumamosi moja lilipokuja kanisa zima.

Walikuja na basi lao, wote wamevaa fulana za buluu, wanaimba kwenye foleni kwa Kifaransa na Kiswahili. Moyo ulinichangamka kusikia Kiswahili kingi namna ile kwa mara moja. Kwenye uzio wa kutokea, pale wanaposimama wale wasiopanda, kulikuwa na mwanamke amebeba mikoba ya wenzake na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amefungwa kwa kanga ya rangi ya chungwa yenye korosho nyeusi. Nikasema moyoni, tazama, kanga kama ile. Nikaendelea na kazi. Treni ikaingia, watu wakapanda, nikaanza kupita. Sukuma, vuta. Sukuma, vuta. Katika safu ya nne nikasukuma kizuizi, na mtu aliyekuwa chini yake akasema:

"Pole pole, Mutanzania. Unataka kuniua?"

Mikono yangu ikabaki pale pale juu ya chuma. Alikuwa amenenepa. Amefumba macho kwa woga, amefungua moja tu kunitazama.

Nilichosema kilikuwa cha kijinga. Nilisema, "Wewe si umekufa?"

"Bado," akasema. "Ngoja kwanza hii kitu izunguke."

"Sharp, baba?" dada akaita kutoka upande wa pili. Dole gumba lake lilikuwa juu, na watu walianza kupiga makofi kwa kuchoka kusubiri. Sikuwa na la kufanya. Nikavuta kizuizi chake juu, nikakivuta tena kwa nguvu, kilikuwa kimefunga. Nikaenda kwenye kitufe changu, nikabonyeza, na rafiki yangu niliyemsomea Yasini akaondoka mbele yangu, krr krr krr, kwenda mbinguni na kurudi.

Aliporudi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Abiria hushukia upande wa pili, ndio utaratibu, kwa hiyo alishukia kwa dada, akasimama kwenye uzio wa kutokea karibu na yule mwanamke. Mimi siruhusiwi kuliacha jukwaa treni ikiwa kazini. Basi tukazungumza kama zamani, kipande kwa kipande, reli ikiwa katikati yetu.

"Niliona picha yako," nikamwambia. "Ya mshumaa."

Akaweka mkono kichwani. "Ile ni ya mukubwa wangu! Njo yeye alikufa. Kule Bukavu."

Walikuwa wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na mimi sikuuliza. Treni ikaingia. Nilipita nikisukuma na kuvuta bila kuona nyuso za watu. Ilipotoka nikamwambia pole, pole sana ndugu yangu, na nilikuwa naisema kwa dhati, maana kaka wa mtu ni kaka wa mtu. Akapokea pole yangu kwa mkono kifuani.

"Na wewe ulirudi lini?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Sikuendaka. Ile basi ilichelewa sana. Shemeji akapiga simu, akasema njoo Diepsloot, kuko kazi ku duka. Nikaenda kule kule na sanduku."

Diepsloot ni mji huuhuu, upande wa kaskazini. Nikaitazama kanga mgongoni kwa yule mwanamke. Mtoto alikuwa amelala ndani yake, amefunikwa vizuri. Mkewe alinipungia mkono kwa heshima, akidhani mimi ni mtu wa zamani wa kazini, ambavyo ndivyo nilivyokuwa.

Treni ikaingia, ikatoka.

"Ulijua kwamba bustani imefunguliwa?"

"Nilijua."

"Ulijua mimi nipo?"

"Mutu moya wa kanisa alinieleza. Kule kuko Mutanzania mukali, anavuta chuma kama anagombana nayo. Nikajua ni wewe."

"Mbona hukuja?"

Treni ikaingia kabla hajajibu. Hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote; mtoto mmoja hakufikia kimo, mama yake akabishana, dada wa Soweto akamweleza kwa upole. Nilikuwa nasubiri. Nilifikiri labda alikuwa anaumwa, labda alikuwa na shida ya karatasi, labda aliona haya kwa ajili ya zile kanga. Ningeipokea sababu yoyote. Treni ikatoka, nikamtazama.

"Njo maisha, ndugu yangu," akasema, na akatabasamu.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na duka, mke, mtoto, kanisa lenye basi. Hakuwa amenikimbia, alikuwa tu hajaona pengo langu. Nikamwambia nilikusomea Yasini, nikakupikia na pilau. Akacheka sana, akamtafsiria mkewe, naye akacheka, akaweka mkono mdomoni. Wenzao wakaanza kuwaita, basi linaondoka. "Njoo Diepsloot siku moja!" akapaza sauti. Mimi mtu wa Tanga, najua tofauti ya karibu Jumapili na karibu siku moja. Nikamnyanyulia dole gumba. Na yeye akanyanyua lake, wakashuka ngazi.

Nilikasirika. Nilinyamaza siku nzima, na hakukuwa na mtu wa kujua maana yake.

Namshukuru Mungu kwamba yu hai, na mtoto wake amelala vizuri kwenye ile kanga. Ningeulizwa nichague, ningechagua hivyohivyo. Lakini yule marehemu ndiye aliyekuwa rafiki yangu.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi kali, reli nyeupe kwa umande ulioganda. Tukaiweka treni tupu kituoni. Nilipita upande wangu nikisukuma na kuvuta vizuizi visivyo na mtu, nikafika kwenye kitufe. Nikafungua mdomo kusema haya, nikakumbuka kwamba mtu ninayemwambia yuko Diepsloot, upande wa pili kabisa wa mji, muda huo anafungua mlango wa duka na kupanga mikate. Nilikuwa nikimsikia akinijibu kila siku. Sasa nilisikia simu ya dada tu.

"Sharp, baba?" akauliza.

"Sharp," nikamwambia, na tukabonyeza, treni ikapanda mlima bila mtu.